Kuanguka Nilifundishwa Uzeeni

Baba yangu alikuwa na neno moja tu kuhusu mieleka, na neno hilo ndilo lililonivunja mkono miaka sitini baada ya yeye kulisema. Alisema mgongo wa mwanamume unakutana na ardhi mara moja tu, siku ya kuzikwa. Ukiulaza chini kabla ya hapo, na watu wakaona, basi zunguka nyuma ya nyumba, ingia kwa mlango wa jikoni pamoja na mbuzi. Hakuwa anatania. Kaka yangu aliwahi kuingia na mbuzi, na jioni hiyo chakula alipewa wa mwisho.

Mimi ni mtu wa Izigo, wilaya ya Muleba. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo ukikuta sentensi imepinda ifuate tu, itakufikisha. Ninayoyajua niliyapata kwa kutazama na kwa kuumia. Na jambo moja ninalijua kuliko hawa vijana wenye mikanda ya rangi rangi: namna watu wanavyoangushana.

Mieleka yetu ilikuwa rweyani. Rweya ni ile nyika ya majani iliyo kati ya kijiji na kijiji, isiyo na migomba wala mwenyewe. Ng'ombe walikula hapo, na sisi tulipimana hapo. Sheria zilikuwa chache. Unamshika mwenzako kiuno, naye anakushika. Hakuna ngumi, hakuna kuuma, hakuna kuvuta nguo, kwa sababu nguo ilikuwa moja na mama aliijua kila uzi. Mgongo ukigusa majani, imekwisha. Hapo mshindi anampa mkono aliyeshindwa, anamwinua, kisha anampangusa mgongo kwa kiganja chake mwenyewe mpaka majani yote yatoke, ili mwenzake arudi kwao safi. Hiyo ya kupangusana sijaiona katika mchezo mwingine wowote, na nimetazama mingi.

Nilikuwa hodari. Nasema hivyo bila haya kwa sababu walionijua wengi wamekufa na waliobaki hawasikii vizuri. Nguvu zangu zilitoka miguuni, na miguu ilitokana na pombe. Sisemi kunywa, nasema kukamua. Kwetu ndizi za pombe zikishaiva zinamenywa, zinatiwa katika mtumbwi wa mti pamoja na majani makavu, na wanaume wanazikanyaga mpaka juisi itoke. Mle ndani panateleza kuliko sabuni. Ukiweza kukanyaga asubuhi nzima bila kuanguka, mtu wa kukuangusha rweyani itabidi atafutwe mbali. Mara moja tu nilishinda kwa hila. Nilijipaka samli kiunoni, mpinzani akawa anashika anateleza, anashika anateleza, nikamlaza. Lakini mbwa walinifuata njia nzima mpaka nyumbani wakinilamba, na baba akaelewa. Siku hiyo niliingia kwa mlango wa mbuzi ingawa nilikuwa nimeshinda. Baba alikuwa mtu wa haki.

Sasa nije kwenye mkono.

Mwaka juzi, msimu wa mvua, nilikuwa nakaa peke yangu kwenye kibanja changu, shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati. Mke wangu ametangulia, watoto wametawanyika. Asubuhi moja nilitoka kukata mkungu, nikakanyaga gome la mgomba lililolowa. Mtu mwingine angeanguka kama mzigo, akapata doa la tope, akaendelea na safari. Mimi nikakataa. Mguu umekwenda, kiuno kikaurudisha, mikono ikapepea, nikazunguka mara mbili kama kuku aliyekatwa kichwa, nikapinda, nikakaza kila msuli niliobakiwa nao. Nikaanguka kifudifudi, mkono wa kulia chini yangu, kifundo kikalia kama ukuni mkavu. Na jambo la kwanza nililolifikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba mgongo haukugusa.

Nililala pale na ushindi wangu mpaka jua lilipopanda na jirani akapita.

Binti yangu ana duka dogo la vitambaa Rwamishenye, mjini Bukoba, na Jumapili anaimba kwaya kwa Walutheri. Ni mtu mwenye sauti, na sauti hiyo alikuja nayo. Alinichukua siku ileile. Mfupa ukafungwa, wiki zikapita, ukafunguliwa, na mimi nikaanza kuuliza siku ya kurudi.

"Tata waitu," akaniambia, ndivyo Wahaya tunavyomwita baba kwa heshima, "utarudi kwa nani? Ukianguka tena nani atakuokota?"

"Sitaanguka tena."

"Ndivyo ulivyosema ulipoanguka kwenye ngazi za kanisa."

Hiyo ya ngazi nilikuwa sijawaambieni. Basi, mmeijua.

Mpango wake ulikuwa huu: kahawa ikishavunwa, mtoto wa baba yangu mdogo, mtu mzima mwenye familia, ahamie katika nyumba yangu Izigo na kukitunza kibanja, na mimi nibaki Rwamishenye. Hakuwa na ubaya, binti yangu, wala huyo ndugu. Lakini kwetu nyumba isiyotoa moshi wa mwenyewe inahesabiwa imekufa. Makaburi ya baba, mama na mke wangu yako palepale chini ya migomba. Akishawasha moto mtu mwingine, mimi nikienda nitakuwa mgeni: nitakaribishwa kwenye kiti, nitaletewa kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, nitaulizwa nalala au naondoka. Nilikuwa na muda mpaka mwisho wa mavuno. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu, na wewe msomaji likae kichwani mwako pia, kwa sababu mimi huwa napotea njiani.

Nyuma ya maduka ya pale Rwamishenye kuna ukumbi ambao zamani ulikuwa ghala la kahawa. Ukiingia harufu bado ipo. Barazani hapo ana cherehani yake fundi mmoja, Mwislamu wa mjini, umri wetu mmoja, babu yake alitoka pwani. Tulikuwa tunataniana tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Nikawa nashinda kwake, na dirisha la ukumbi liko juu ya kiti changu. Ndivyo nilivyoanza kulinganisha.

Jumatatu na Jumatano ilikuwa karate. Wanainamiana, wanapiga kelele, halafu mmoja anarusha ngumi na inasimama kidole kimoja kabla ya pua ya mwenzake. Nilidhani wanakosa shabaha.

"Hawakosi," fundi akasema, sindano mdomoni. "Wanafundishwa kutofika."

Nilitafakari jambo hilo wiki nzima. Karate inasema mwili ni panga: linoe kila siku, kisha uombe Mungu likae ukutani. Ni wazo la mtu mwenye akili. Lakini nilimwambia fundi kwamba mtu anayepiga hewa miaka kumi atakuwa amejua hewa tu, na hewa haikushiki kiuno.

"Wewe na viuno," akasema. Halafu akanieleza mchezo wa fimbo wa babu yake. Wawili wanaingia uwanjani na fimbo zao, ngoma inalia, fimbo zinagongana juu, chini, juu, na anayemjeruhi mwenzake kweli ndiye aliyeaibika. "Ni maongezi, mzee. Mimi nauliza kwa fimbo, wewe unajibu kwa fimbo. Anayetoa damu ni kama aliyetukana mbele ya chakula."

"Na mieleka ya rweyani?"

"Nyinyi wa rweyani mnazungumza kama ng'ombe wawili waliokwama mlangoni."

Ngumi za kulipwa niliziona kwenye televisheni huko Kagondo, tulipokwenda kwenye msiba. Sikupenda, uso wa mtu si ngoma. Ila nilikuta jambo moja la kuheshimu: ngumi ndiyo peke yake inayomhesabia aliyeanguka. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi, na wote wanamsubiri. Baba yangu asingehesabu hata moja. Na zile kungfu za kwenye kanda za video, zilizowatia wazimu vijana wa Bukoba nilipokuwa mtu mzima, wanasema waliiga wanyama. Nimechunga wanyama. Sijaona fahali aliyeendelea kumpiga aliyegeuza kichwa. Akigeuza kichwa, yameisha, wanarudi kula. Kama waliiga, sehemu hiyo waliiruka.

Jumanne na Alhamisi ilikuwa judo. Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mchana anafundisha sekondari, judo aliipata Dar es Salaam alipokuwa akisoma. Siku ya kwanza kutazama niliona watu kumi na wawili wamevaa nguo nyeupe nzito, wanajitupa chini kwenye magodoro. Wanaanguka nyuma, wanaanguka upande, wanapiga godoro kwa mkono, paa! Wanainuka, wanaanguka tena. Hakuna anayewaangusha. Nilicheka mpaka mwalimu akatoka nje.

"Shikamoo, babu. Unacheka nini?"

"Marahaba. Nacheka watu wazima wanaofundishwa kuanguka. Kwetu kuanguka ni bure."

Akautazama mkono wangu, bado umekonda kwa kufungwa. "Na huo, babu, ulivunjika bure pia?"

Fundi alicheka mpaka uzi ukakatika.

Akaniuliza niliangukaje. Nikamwonyesha pale barazani: mguu, kiuno, kupepea, kuzunguka. Alitazama kwa makini kama daktari, bila kucheka.

"Basi wewe hukuanguka," akasema. "Ulishindana na ardhi."

Sikulala vizuri kwa neno lile. Maana alikuwa amenisoma. Karate inaanza na kupiga, mieleka yetu inaanza na kushika, fimbo inaanza na kugonganisha, lakini hii ya kwake inaanza kwa kukubali kwamba utaanguka. Kwanza uijue ardhi, ndipo umshike mtu. Mtu asiyeogopa kuanguka, alinieleza baadaye, hajikazi, na asiyejikaza ni mgumu kuangushwa. Angesema hivyo mbele ya baba yangu angeonyeshwa mbuzi. Mimi nilikuwa na mfupa wa ushahidi.

Alhamisi nikamwomba anifundishe. Akakataa mpaka nilete ruhusa ya daktari. Daktari alicheka, akaniuliza maswali mengi, akapima, akaandika kwamba nianzie chini, nikiwa nimekaa, na nisirushwe na mtu. Binti yangu sikumwambia. Nilisema nakwenda kwa fundi kuzungumza, na huo haukuwa uongo, fundi alikuwa anazungumza muda wote dirishani.

Somo la kwanza ni jepesi, hata mtoto analiweza. Unakaa, unavuta kidevu kifuani, unautazama mkanda wako, unajiviringisha nyuma mpaka mgongo ulale, mikono inapiga godoro pembeni. Mimi sikuweza. Nilikaa, kidevu nikavuta, mkanda nikautazama, na mgongo ukagoma. Ulifika nusu ukasimama kama punda darajani. Watu kumi na wawili walikuwa wananitazama, na katika miaka sabini na kitu ya maisha yangu mgongo huo ulikuwa haujalala mbele ya watu.

"Lala, mzee wa Izigo!" fundi akapiga kelele dirishani. "Baba yako haoni!"

"Anaona!" nikasema.

Nilidhani watacheka. Mwalimu hakucheka. Akawaambia wanafunzi wake wote, "Geukeni ukutani." Wakageuka, watu kumi na wawili wenye nguo nyeupe, nyuso kwenye ukuta wa ghala. Akamgeukia fundi. "Na wewe, mzee."

"Mimi niko nje!"

"Geuka."

Fundi akageuka. Mwalimu naye akanipa mgongo. Ukumbi mzima ukawa hauna jicho hata moja.

Nikalala. Godoro lilikuwa la baridi kidogo. Juu kulikuwa na mabati na mwiko wa kuchanganyia kahawa uliosahauliwa kwenye mbao za paa, na nilibaki chali nikiutazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nalia, nisifiche. Si kwa huzuni. Ni kama mtu aliyebeba mzigo wa watu wawili akaambiwa weka.

"Tayari?" mwalimu akauliza.

"Bado," nikasema. "Subirini."

Wakasubiri.

Baada ya hapo nilikwenda haraka, na nasema hili kwa kujiamini: mwanafunzi mzuri nilikuwa mimi. Kukaa, kuchuchumaa, kusimama. Nyuma, kushoto, kulia. Miguu ile ya kukamua ndizi ilikumbuka mambo. Mwisho wa mwezi wa pili nilikuwa naanguka mara arobaini kwa jioni moja, na mfupa hata haukuniuliza.

Mwanakwaya mmoja ndiye aliyenichongea. Nilirudi nyumbani nikamkuta binti yangu amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Tata. Ni kweli unajitupa chini pale ghalani?"

"Najifunza kuanguka."

"Mimi nakuzuia usianguke, wewe unaenda kujiangusha! Leo umeanguka mara ngapi?"

Ningeweza kusema mara mbili. Nikasema, "Arobaini."

Akakaa chini. Kisha akasema taratibu kwamba siku ile jirani alipompigia simu, kabla hajamaliza kueleza, yeye alishaanza kutafuta kitambaa cheusi cha msiba. "Unajua nilikitafuta wapi? Kwenye kabati la dukani. Cha kuuza." Nikaona kumbe mimi nilikuwa nimefikiria moshi wangu tu, na hofu yake sikuipima kabisa. Lakini sikubadili nia. Nilimwambia, "Twende Izigo, tukaangalie kahawa. Mwite na ndugu yetu. Tuzungumzie palepale." Akakubali kwa sababu alidhani nakwenda kuaga.

Sasa nikiri. Nilikuwa na hila. Karibu na zizi la zamani kuna mahali ambapo matandazo ya majani ni mazito kama godoro, na nilikusudia nikifika hapo nijiangushe vizuri mbele ya wote wawili, nipige mkono, niinuke, nitoe hoja.

Tulikwenda na teksi ya jirani wa binti yangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Ndugu yetu alikuwa ametangulia, amesimama mlangoni, mtu mpole, na nilimwona akipima dirisha kwa macho. Tukaingia migombani, mimi mbele, binti yangu nyuma yangu akisema, "Polepole tata, polepole tata," ndugu yetu wa mwisho. Zizi lilikuwa bado mbali. Nilikuwa nageuka kumwambia anyamaze kidogo nifikirie hila yangu, na mguu wa kushoto ukaondoka.

Hakukuwa na muda wa kuchagua. Kidevu kikaingia kifuani chenyewe. Kiuno hakikuuliza kitu. Mgongo ukashuka kwa ubavu, mkono wa kushoto ukapiga tope, paa! Likaruka mpaka kwenye sketi ya binti yangu. Nikawa chali, mbele ya watu wawili, natazama majani ya migomba na matone yanayodondoka, na mwilini mwangu hakuna kitu kinacholia.

Binti yangu ndiye aliyelia. "Mungu wangu, tata!"

"Msinishike," nikasema. Nikageuka ubavu, goti, kiganja, goti la pili, nikasimama. Tope lilikuwa mgongo mzima, toka kisogoni mpaka kiunoni.

Binti yangu akanishika mkono wa kulia, ule uliovunjika, akaupapasa kila mfupa. "Kunja vidole. Kaza." Nikavikaza kwenye vidole vyake mpaka akasema, "Aa, inatosha!" Akapapasa nyonga, akapapasa kichwa. Hakuna kitu.

Ndugu yetu akakohoa. "Samahani waitu, niulize tu. Umeanguka, au umejirusha?"

Wote wakanitazama. Hapo ningeweza kusema nimejirusha, nikaonekana hodari. Au nikae kimya.

"Kujirusha nilipanga pale mbele, kwenye zizi," nikasema. "Hapa nimeanguka."

Binti yangu akafunga mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia tena. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika mgomba. Ndugu yetu naye, kwa heshima, akageukia upande mwingine akacheka.

Binti yangu alipomaliza alipangusa macho na kumwambia, "Ndugu yangu, utusamehe tumekusumbua. Nyumba ina mwenyewe." Naye akajibu kwamba hata hivyo madirisha yetu ni madogo. Kisha binti yangu akanigeukia mimi na kidole juu. Kila Jumamosi atakuja. Kila Alhamisi mimi nitapanda gari kwenda Rwamishenye kuanguka kwa yule mwalimu, nisikose. Na simu iwe na chaji, iwe mfukoni, isiwe juu ya kabati. Hayo mawili ya kwanza nilikubali kwa moyo, ya simu nilikubali kwa mdomo.

"Na lile begi la nguo zako ulilolificha chini ya kiti cha teksi," akasema, "nililiona tangu hatujatoka Rwamishenye. Nenda kalichukue mwenyewe. Mimi sikubebei."

Nikaenda kulichukua.